Mafuta ya Nyonyo kwenye Banda la Ulanga

Mama mkwe wangu alikuwa na sheria nne za banda, na zote alizisema asubuhi kabla hatujakaa, kila siku, utadhani tulizaliwa jana. Nawa kwa maji ya majivu. Kausha mikono kwa upepo, usifute kwenye nguo. Usile karanga humu ndani. Usishike nywele. Mimi nilizichoka sheria hizo kuliko nilivyoichoka kazi yenyewe. Nakiri kwamba nyuma ya mgongo wake nilikuwa nikizitamka pamoja naye kwa kumwigiza, na wenzangu waliziba midomo kwa khanga wasicheke kwa sauti.

Kazi yetu ilikuwa kubandua ulanga. Ukiuokota mlimani, ulanga ni bonge zito tu, lakini ukiingiza ncha ya kisu pembeni bonge linafunuka, tabaka baada ya tabaka, jembamba mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Bonge moja tuliliita kitabu. Tulikifunua kitabu, tukakata kingo zilizovunjika, tukatenga kurasa angavu na zile zenye madoa, kisha zile angavu tukazipanga kwenye masanduku ya mbao. Utotoni tulichezea vitu hivyo, tukajiangalia nyuso, na hakuna mtu mzima aliyewahi kutuambia ni mali.

Ilipokuja vita kuu ya pili, Mwingereza mmoja alijenga banda kwenye vilima vilivyo kati ya Mbozi na Tunduma, akaanza kukusanya ulanga wa huku kwetu na wa ng'ambo, Rodeshia ya Kaskazini. Wanawake wa ng'ambo walivuka mpaka na vikapu kichwani. "Mwapoleni, mwapoleni," walitusalimu, wakatua mizigo, wakakaa nasi kwenye mabenchi. Yule Mwingereza tulimwita Bwana, naye alijua Kiswahili cha kutosha kutugombeza. Alituambia ulanga unakwenda vitani. Jiwe linapiganaje vita, hakutueleza. Mwenzangu mmoja aliamini kwamba unasagwa na kumwagwa kutoka kwenye ndege ili uwaingie adui machoni, na kwa kuwa sikuwa na maelezo bora, nami niliamini hivyo hivyo.

Vita ile ilikuwa na mtu wangu ndani yake. Mume wangu alikuwa Bama, yaani Burma, huko Asia walikopigana na Wajapani, akibeba redio ya jeshi mgongoni. Aliniachia mimba, na mtoto alizaliwa baba yake akiwa ameshavuka bahari. Nyumbani tulibaki watatu, mimi, mtoto na mama yake mume wangu, na mchana kutwa huyo mama alikuwa pia mkubwa wangu wa kazi. Anayejua kukaa na mkwe nyumbani peke yake atanihurumia.

Lakini alikuwa fundi, sitamnyima haki yake. Alikulia kwenye misheni ya Wajerumani na kwa miaka mingi alimtumikia muuguzi wao mmoja. Vita ilipoanza Wajerumani wale wakachukuliwa wote na Waingereza, na muuguzi alipoondoka alimwachia kisu kidogo cha kupasulia majipu. Kwa kisu hicho mama mkwe alifunua vitabu ambavyo sisi tulivivunja. Bwana alimpa ukuu wa banda, na kila sanduku lililojaa alilipiga alama yake kwa rangi nyekundu, msalaba mdogo kwenye kona.

Mwaka huo kipupwe kilikuwa kikali. Mikono ilipauka, ikapasuka, na vumbi la ulanga likaingia kwenye nyufa likauma. Ndipo habari ikafika kwamba kaka yake mama mkwe amefariki huko Ikinga. Kabla ya kuondoka alinikabidhi kikopo cha rangi na brashi mbele ya wote.

"Utakuwa mimi mpaka nirudi," akasema. "Mikono mikavu."

"Ndiyo, Mama."

Siku ya pili tu Bwana akaja na haraka zake. Alisema keshokutwa anafika Mmarekani. Waingereza na Wamarekani, alisema, sasa wanatengeneza silaha pamoja. Wamarekani wana viwanda vikubwa, Waingereza wana ulanga kwenye makoloni yao, na Mmarekani anakuja kuona kama ulanga wa hapa unafaa. Alitembea huku na huku, akapiga teke ganda la mua lililokuwa mlangoni.

"Nataka banda safi," akasema. "Na nyinyi muwe safi. Mmenielewa?"

Tulielewa, na ole wetu. Mimi nimezaliwa Mbebe, na kule kwetu mtu safi ni mtu anayeng'aa. Maji ni nusu tu ya kazi. Kumpokea mgeni ukiwa na mikono iliyopauka ni kumwambia hukujiandaa kwa ajili yake, na baada ya hapo usishangae akikataa chakula chako. Nyumbani nilikuwa na kibuyu cha mafuta ya nyonyo, mama yangu mzazi aliyachemsha mwenyewe. Siku ya mgeni nilikibeba hadi bandani. Nilimmiminia kila mwanamke kiganjani, tukapaka nyuso, mikono hadi viwikoni, na miguu. Tulipendeza. Tulikaa kwenye mabenchi tukachapa kazi tangu asubuhi, maana Bwana alitaka masanduku manne yajae kabla mgeni hajafika.

Mwanamke mmoja wa ng'ambo, mkubwa kwangu, alisita kabla ya kunyoosha kiganja.

"Na zile sheria za mama yako?" aliuliza.

"Mama yuko Ikinga," nikajibu.

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi.

Mmarekani alikuwa mrefu, mwenye kofia aliyoisahau kichwani hata ndani ya banda. Alitushika mikono mmoja mmoja, jambo ambalo Bwana hakuwahi kulifanya, kisha nikamwona akijifuta kiganja kwenye suruali. Aliinua kurasa mbili tatu kwenye mwanga wa mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka na masanduku yale manne. Kwenye kona ya kila sanduku palikuwa na msalaba mwekundu. Niliuchora mimi, kwa mkono wangu unaong'aa.

Mama mkwe aliporudi kutoka msibani alisimama mlangoni akavuta pumzi kwa pua.

"Kulikuwa na nini hapa?"

"Mgeni tu, Mama. Alifurahi sana."

Mama mkwe akachota maji ya majivu akaanza kusugua mabenchi, peke yake, bila kumwita mtu. Kibuyu nilikuwa nimeshakificha nyumbani nyuma ya ghala la mahindi.

Wiki zilipita, nikasahau. Kisha asubuhi moja gari dogo na lori vikapanda kilima kwa pamoja. Alishuka Bwana, akashuka Mmarekani, akashuka askari polisi mmoja kutoka Tunduma. Wakateremsha masanduku yale manne na kuyafungua chini, mbele yetu. Bwana alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alishika ukurasa mmoja akauinua juani, na hata mimi niliyekaa mbali niliona. Ulikuwa na ukungu. Kulikuwa na alama za vidole, na kuzunguka alama hizo uchafu wa njano umetambaa ukashika vumbi.

"Masanduku yote manne!" akasema. "Yaliyokwenda zamani yote mazuri, yaliyokuja baadaye yote mazuri. Haya tu, ambayo mgeni aliyachukua, ndiyo yameharibika. Nani mwenye alama hii?"

Mama mkwe akasimama. Alisogea, akachukua ukurasa kutoka mkononi mwa Bwana bila kuomba, akaupeleka puani. Alinusa mara moja. Kisha akageuza kichwa polepole akanitazama mimi, kwenye benchi la tatu, na mtoto mgongoni.

Nilijua kwamba anajua. Nilisubiri aseme, na sitaficha, nilikuwa nikiomba Mungu asiseme.

"Alama ni yangu," alisema. "Mkubwa wa banda ni mimi."

"Nani aliyekutuma?" Bwana akauliza.

Mama mkwe hakuelewa swali. Nami sikulielewa mpaka Bwana alipokwenda kwenye benchi la mama mkwe akachukua kile kisu kidogo, akakigeuza na kuona maandishi yaliyochongwa kwenye chuma. Alimwonyesha Mmarekani. Wakasemezana kwa Kiingereza kwa sauti za chini. Bwana aliporudi kwetu alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili kila mtu asikie, kwamba mwanamke huyu amelelewa na Wajerumani, amekula kwa Wajerumani, ana kisu cha Wajerumani, na sasa anaharibu silaha zinazotengenezwa ili kuwapiga Wajerumani na wenzao. Alisema kwamba wakati wa vita, jambo hilo ni hujuma. Kesho saa nane lori la jeshi litapita Tunduma, litampeleka Mbeya, na huko atajibu.

"Mwanangu yuko Bama," mama mkwe alisema. Hakulia. "Mwanangu mwenyewe. Nitaharibu silaha zake?"

Askari akamshika mkono. Alipofika kwenye lori alisimama kidogo, mguu mmoja juu ya ngazi, akaangalia nyuma. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ndefu, tena ndefu mno, ningeweza kusema neno moja na hata matatu. Niliinama, nikajifanya namfunga mtoto vizuri mgongoni. Lori likawaka.

Walipoondoka kila mtu alifunga mizigo yake. Yule mwanamke wa ng'ambo alikusanya vikapu vyake, akapita mbele yangu bila kuniaga, na nilijua amenihukumu na kwamba hukumu ni halali. Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia kila mtu: Bwana na usafi wake, Mmarekani na kofia yake, hata mama yangu mzazi aliyenifundisha kuchemsha nyonyo. Ilinichukua jioni nzima kuishiwa na watu wa kuchukia na kubaki mwenyewe. Niliogopa jela, jamani. Nilikuwa na mtoto wa ziwa. Lakini kila nilipomlaza nilimwona baba yake akirudi na kuuliza, "Mama yuko wapi?"

Kulipopambazuka nilikitoa kibuyu nyuma ya ghala, nikafunga kurasa tano safi za ulanga kwenye kitambaa na majivu kidogo kwenye pembe ya khanga, nikambeba mtoto, nikashika njia ya Tunduma. Ni mwendo wa nusu siku kwa mtu asiyebeba kitu. Jua lilipanda, mtoto akalia, nikamnyonyesha nikitembea. Barabara kubwa ilikuwa na magari ya jeshi yakitoka Rodeshia, moja baada ya lingine, na kila lilipopita nilifunika uso nisiingiwe na vumbi, nikajiuliza kama ndilo linalokwenda kumchukua.

Tunduma ya siku hizo ilikuwa maduka machache ya Wahindi, kizuizi cha mpakani na kituo kidogo cha polisi. Mama mkwe nilimkuta amekaa chini nje ya kituo, anamchambulia mke wa askari maharage. Aliponiona hakusalimia.

"Umekuja kufanya nini? Mtoto jua lote hili?"

"Nimekuja kusema."

"Kusema nini?" Akaendelea kuchambua. "Rudi nyumbani. Wakikuchukua wewe, mtoto atanyonya nini? Mimi ni mzee, nitakaa huko Mbeya nitarudi."

"Mama, nitasema."

"Ungesema jana," akajibu, na bado hakuniangalia.

Bwana na Mmarekani walikuwa kibarazani, kwenye nyumba ya forodha, wamekaa na masanduku yale chini ya miguu yao. Hawakuonekana wanapendana sana siku hiyo. Nilipiga magoti kwa heshima, kisha nikaona kwamba magoti hayatanifikisha popote, nikasimama. Nilimweleza Bwana yote kwa Kiswahili: msiba wa Ikinga, brashi, kibuyu. Alinisikiliza akiwa amekaza uso. Nilipomaliza hakumgeukia Mmarekani. Alisema, "Umefundishwa na mkwe wako uje kumwokoa. Ondoka."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo baya. Hapo barazani Kiswahili nilikijua mimi na yeye, na Kiingereza alikijua yeye na Mmarekani, na bila yeye kutaka, maneno yangu yasingevuka. Na kwa nini atake? Aliyetuambia tuwe safi ni yeye.

Nilifungua kitambaa. Niliweka kurasa mbili juu ya sanduku, mbele ya Mmarekani. Nilijifuta vidole kwenye majivu niliyofunga pembeni ya khanga, nikaukandamiza ukurasa wa kwanza. Kisha nikafungua kibuyu, nikajimiminia kiganjani, nikapaka mikono hadi viwikoni, pole pole, kama siku ile alipokuja, nikaukandamiza wa pili. Nikanyunyiza vumbi la kibarazani juu yake kwa vidole. Nikaziinua zote mbili juani.

Mmarekani alivua kofia. Alichukua ule ukurasa wa pili, akachukua mmoja kutoka sandukuni, akaziweka sambamba, akaunusa mmoja, akaunusa mwingine. Akaninusa na mimi kiganja, bila aibu. Kisha akatoa chupa ya spiriti kwenye mkoba wake, akalowesha kitambaa, akausugua ukurasa wa sandukuni. Ukungu ulitoka. Alisugua tena, akautazama juani, angavu kabisa, akasema neno moja ambalo sikuhitaji mkalimani ili nijue ni tusi.

Akamuuliza Bwana jambo. Bwana akageukia barabara. Akaulizwa tena. Ndipo Bwana akanigeukia, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anauliza kwa nini mlipaka mafuta."

"Bwana alituambia tuwe safi," nikasema.

Nilimtazama machoni, na kwa mwanamke wa siku zile hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha akasema maneno marefu ya Kiingereza. Mpaka leo sijui aliyasema yapi, ila Mmarekani alipoyasikia alimwangalia yeye, hakuniangalia mimi, na masikio ya Bwana yalikuwa mekundu mpaka tulipoondoka.

Lori la jeshi lilifika saa nane na kupita bila kumchukua mtu. Mama mkwe alimaliza maharage ya watu, akayakabidhi, akasimama. Kisu chake hakurudishiwa.

Kwa siku nyingi baada ya hapo tulisugua kurasa za masanduku manne kwa spiriti, moja moja. Mmarekani alibaki siku mbili kutuonyesha. Kupitia Bwana alitueleza safari ya ulanga: unakwenda pwani, unavuka bahari hadi Amerika, unakatwa vipande vidogo vya ukubwa wa kucha, vingine vinapelekwa Uingereza, vinawekwa ndani ya injini za ndege na ndani ya redio za jeshi, ili umeme usipite pasipotakiwa. Kisha redio zinakwenda wanakopigania askari. Alitaja na Bama. Mama mkwe, aliyekuwa na kitambaa mkononi, aliacha kusugua kwa muda, akaendelea.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alisema nami habari za kazi na habari za mtoto, basi. Mara moja tu, tukichota maji, aliniambia bila hasira, "Kwa mafuta yale nisingekulaumu. Lakini uliniona napanda gari." Nilijitwisha mtungi wangu, nikatangulia njiani. Nyumbani mwetu hakuna aliyechemsha nyonyo tena kwa muda mrefu.

Vita ilipokwisha mume wangu alirudi. Alikuwa amekonda, sikio moja halisikii, lakini alikuwa mzima, na mtoto alimkimbia siku tatu. Majirani walimwambia kwamba mama yake aliwahi kushikwa na polisi. Tukiwa tumekaa jikoni alimuuliza mwenyewe.

"Kisu kile cha muuguzi," mama mkwe alisema. "Waliona maandishi ya Kijerumani wakaogopa. Yakaisha."

Mume wangu alicheka. Kisha akatuhadithia kwamba siku moja, huko porini, fundi wa kizungu aliifungua redio yake, na ndani akaona vipande vyembamba vya ulanga, vilevile tulivyochezea utotoni. Aliwaambia wenzake, hii ni ya kwetu, hawakumwamini.

"Vilikuwa safi?" nikamuuliza. Swali lilinitoka kabla sijalizuia.

"Nitajuaje? Redio ilikuwa inasema, basi." Alinyoosha mikono yake kwenye moto akaitazama, imepasuka na kupauka. "Nipe yale mafuta yako ya nyonyo. Huko nilikuwa nayaota."

Niliangalia chini. Nilitafuta uongo wa kusema na sikuupata. Mama mkwe aliinuka, akatoka nje, nikadhani ameshindwa kukaa na mimi chumba kimoja. Alirudi na nyonyo kwenye ungo, zile zilizojiotea nyuma ya ghala, akaniwekea mbele ya miguu pamoja na kinu.

Nilikaanga, nikatwanga, nikachemsha. Ilichukua muda mrefu. Mafuta yalipopanda juu niliyaengua kwenye kibakuli, nikayapooza, nikamgeukia mume wangu. Lakini mikono iliyonyooshwa mbele yangu ilikuwa ya mama yake, mikavu, yenye makovu ya ulanga kwenye kila kidole. Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kuiona ikiwa na mafuta.

"Anza na mimi," akasema.

Nilimpaka yote miwili, pole pole, hadi viwikoni.